Antigone juu ya maji: tanzia ya Sophocles mikononi mwa Miyagi Satoshi

Mwezi Julai mwaka 2017, Tamasha la Avignon nchini Ufaransa, likifanyika kwa mara ya 71, lilifunguliwa kwa tanzia ya Kigiriki iliyochezwa kwa Kijapani ndani ya ua wa kasri la mapapa. Tamthilia ilikuwa Antigone ya Sophocles, kisa cha binti wa Thebe anayemzika kaka yake Polyneices, aliyeushambulia mji na kuuana na ndugu yao Eteocles aliyeulinda, kinyume cha amri ya mfalme Creon; mwongozaji alikuwa Miyagi Satoshi, na wachezaji walikuwa wa kikundi cha SPAC, kituo cha sanaa za maonyesho kinachogharimiwa na mkoa wa Shizuoka. Maelezo ya namna hiyo humtia shaka mtu aliyewahi kukaa katika kumbi za maonyesho, kwa sababu michanganyiko kama hii mara nyingi huishia kwenye mavazi: Wagiriki huvishwa kimono, ngoma hupigwa, hadhira hupendezwa, na hakuna anayeondoka akijua Japani imeiongezea Ugiriki kitu gani. Nimelitazama onyesho hili kupitia rekodi iliyofanywa huko huko Avignon, na ninaweza kusema bila kusitasita kwamba halimo katika kundi hilo. Kila mbinu ya Kijapani iliyotumika humu imeletwa kujibu swali ambalo maandishi ya Sophocles yenyewe yanauliza. Kama jibu linalotolewa linatosha ni suala jingine, nami nina malalamiko yangu juu ya hilo.

Mahali penyewe panahitaji kuelezwa kwanza, maana nusu ya maamuzi ya mwongozaji yamezaliwa hapo. Kasri la mapapa lilijengwa katika karne ya 14, wakati viongozi wa Kanisa Katoliki walipokuwa wakiishi Avignon badala ya Roma, na ua wake mkuu huwekewa viti vya watu wapatao 2,000 kila msimu wa tamasha. Tangu Jean Vilar, mwanzilishi wa tamasha hilo, alipoanza kuutumia mwaka 1947, ua huo umekuwa heshima na mtihani kwa pamoja, kwa kuwa anayepewa jukwaa hilo hupewa pia ukuta wa mawe unaopanda nyuma yake hadi juu, mtupu, wenye madirisha machache, unaomfanya mchezaji aonekane mdogo hata akinyanyua mikono yote miwili. Waongozaji wengine hujitahidi kuuficha, na wengine hujifanya haupo. Miyagi alichagua kuufanya kuwa ukurasa wa kuandikia vivuli, jambo nitakalolirudia, na chini ya ukuta huo akaifunika sakafu yote kwa maji.

Maji hayo ni ya kina kifupi, ya kufunika nyayo na vifundo. Ndani yake yamewekwa mawe makubwa yaliyotawanyika kwa mpangilio unaokumbusha bustani za mawe za mahekalu ya Zen, na jiwe refu kuliko yote liko katikati. Wachezaji wote wamevaa maleba meupe mepesi yanayopeperuka, kiasi kwamba katika giza wanaonekana kama watu waliokwisha kuuacha ulimwengu huu. Mtazamaji wa Kijapani atauona humo mto Sanzu, ambao katika imani ya Kibudha ya nchi hiyo roho ya marehemu huuvuka kwenda upande wa pili. Msomaji wa Sophocles naye ana mto wake, kwa sababu Antigone anapopelekwa kuzikwa akiwa hai husema kwamba hakuimbiwa wimbo wa harusi na kwamba ataolewa na Acheron, mto wa kuzimu. Mito hiyo miwili imekutanishwa katika dimbwi moja bila mtu yeyote jukwaani kulitaja jambo hilo, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini mwongozaji.

Kabla ya neno la kwanza kutamkwa, wakati watazamaji bado wanatafuta viti vyao, wachezaji tayari wamo majini wakitembea polepole sana, kila mmoja akiwa na bilauri mkononi, wakisugua ukingo wake kwa kidole kilicholowa hadi itoe mlio mwembamba usiokatika. Milio hiyo inapochanganyika haijulikani inatoka wapi. Kisha, kwa mshtuko wa makusudi, kundi la wachezaji linajitokeza mbele na kusimulia kisa chote cha Antigone kwa haraka na kwa mzaha, kwa Kifaransa cha lafudhi nzito, wakiigiza vifo na ugomvi kama watu wanaotaniana. Onyesho lilipopelekwa New York mwaka 2019, katika ukumbi wa Park Avenue Armory, muhtasari huo ulitolewa kwa Kiingereza. Wapo watakaoona kwamba kichekesho hicho kinaharibu taadhima iliyokwisha kujengwa na zile bilauri. Mimi naona kimefanya kazi mbili za lazima. Kwanza, kimempa mtazamaji asiyejua Kijapani habari zote mapema, ili baadaye asishughulishwe na kusoma tafsiri bali atazame. Pili, kimemweka mahali alipokuwa mtazamaji wa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, ambaye alikuja kwenye ukumbi wa Dionysus akiijua ngano ya nyumba ya Oedipus, baba yake Antigone, na hivyo hakuwa akingojea kujua nani atakufa.

Baada ya kicheko, mtawa wa Kibudha anakuja juu ya chelezo, akielea taratibu kati ya mawe, na kuwagawia wale watu weupe nywele za bandia. Anayepokea anakuwa Antigone, mwingine anakuwa Creon, mwingine Ismene, dada wa Antigone. Ni tendo dogo, la dakika chache, lakini limebeba tafsiri nzima ya mwongozaji: hawa tunaowaona ni wafu, na wamepewa nafasi ya kuyarudia yaliyowapata.

Anayelifahamu jukwaa la Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani ya vinyago na ngoma, ataitambua sura hiyo mara moja. Katika aina ya Noh ambayo mtunzi na mchezaji Zeami aliikamilisha kati ya karne ya 14 na ya 15, msafiri, mara nyingi mtawa, hufika mahali fulani na kukutana na mtu wa kawaida. Mtu huyo baadaye hudhihirika kuwa roho ya marehemu aliyeshindwa kuachana na jambo lililomtesa duniani, awe shujaa aliyeuawa vitani au mwanamke aliyeachwa. Roho hiyo husimulia na kuucheza uchungu wake, mtawa huiombea, na pambazuko linapofika hutoweka. Hakuna pambano linaloendelea mbele ya macho yetu, kwa sababu pambano lilikwisha zamani. Kilichobaki ni kulikumbuka na, ikiwezekana, kulituliza. Ukiichukua tanzia ya Kigiriki, ambayo imejengwa juu ya pambano la watu wawili wanaotupiana maneno makali, na kuitia ndani ya chombo hicho, unaibadilisha kutoka ndani. Swali la nani atashinda kati ya Antigone na mjomba wake linaondoka, na mahali pake panakaa swali la namna gani hawa wote wawili watapata kupumzika. Uamuzi huo unanivutia na kunisumbua kwa kiwango kilekile.

Mbinu ya pili, ambayo ni alama ya Miyagi tangu alipoanzisha kikundi chake cha Ku Na'uka mwaka 1990, ni kuigawa kila nafsi kwa wachezaji wawili. Mmoja hutamka maneno yote, mwingine hutenda kwa mwili bila kufungua mdomo. Chanzo chake kiko wazi kwa anayejua Bunraku, maonyesho ya vikaragosi ya Kijapani, ambamo mghani huketi pembeni na mpigaji wa shamisen, ala ya nyuzi tatu, akitoa sauti za wahusika wote, huku wasanii watatu wakikiendesha kikaragosi kimoja. Lakini Noh nayo inachangia, kwa kuwa kiitikio cha Noh, ambacho kwa kawaida kina watu wanane walioketi upande mmoja wa jukwaa, huchukua maneno ya mhusika mkuu na kuyasema kwa nafsi ya kwanza wakati yeye akicheza kimya. Kwa hiyo sauti kuuacha mwili wake si jambo geni kwa mtazamaji wa Japani. Kwa Wagiriki pia mchezaji hakuwa kitu kimoja na mhusika wake: wanaume watatu tu waligawana majina yote yenye maneno, wakibadilisha vinyago, na uso ambao hadhira iliuona haukuwa uso uliokuwa ukisema.

Micari, anayeutoa mwili wa Antigone, ndiye sababu ya kutosha ya kuitafuta rekodi hii. Anasimama juu ya jiwe la katikati kwa sehemu kubwa ya onyesho na hashuki. Tazama mazungumzo yake na Creon baada ya walinzi kumkamata akimzika Polyneices. Maneno ya utetezi wake, kwamba amri ya mfalme haiwezi kuzishinda sheria za miungu zisizoandikwa, yanatoka kwenye kinywa cha mwanamke mwingine aliye chini, kwa kasi na kwa mkazo wa ghani, ilhali Micari juu ya jiwe ameufunga mdomo na anaugeuza mkono mmoja polepole, kana kwamba anapima uzito wa kitu kisichoonekana. Katika maonyesho ya kawaida mchezaji anayetamka hotuba hiyo hulazimika kugawanya nguvu zake kati ya pumzi, maana na ishara, na mara nyingi anabaki na hasira tu. Humu hasira imekabidhiwa sauti, na mwili umeachiwa kitu ambacho maandishi yanakidokeza lakini wachezaji hukipata kwa nadra: uhakika wa mtu ambaye, kama anavyomwambia dada yake mwanzoni, muda atakaokaa na wafu ni mrefu kuliko atakaokaa na walio hai, na hivyo ni afadhali awapendeze wafu.

Kwa Creon mgawanyo huo unafanya kazi tofauti. Mfalme ni mtu wa maneno, wa kanuni na methali za utawala, na sauti yake ikitengwa na mwili wake inasikika kama tangazo linalosomwa kutoka mahali pasipoonekana. Mwili uliobaki jukwaani, hata ukisimama kwa mapozi makubwa, una upweke ambao maneno hayaukubali. Nilijikuta nikimhurumia mapema kuliko kawaida, na nilipotafakari nikaona kwamba hilo ndilo lililokusudiwa.

Sasa vivuli. Taa zimewekwa chini, mbele ya wachezaji, ili kila anayesimama juu ya jiwe arushe kivuli chake kwenye ukuta wa kasri. Antigone anapoinua mkono, mkono mwingine mrefu kama mnara unainuka nyuma yake juu ya mawe ya karne ya 14. Creon anapomkaribia, kivuli chake kinaingia ndani ya kivuli cha binti huyo, vinatengana, vinaingiana tena, na mara kwa mara mtu hushindwa kujua kipi ni cha nani. Kitu hiki kinaweza kuonekana kama pambo la kuvutia macho, na kwa dakika kumi za kwanza nilidhani ni hivyo. Lakini vivuli ndivyo vinavyompatia mwongozaji ukubwa ambao Wagiriki waliupata kwa vinyago: mtazamaji wa kiti cha mwisho anaona mhusika, hata kama mchezaji ni nukta nyeupe. Na vinaongeza nafsi ya tatu, kwa kuwa Antigone sasa ni sauti, mwili na kivuli, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kudai kwamba ndicho Antigone mwenyewe. Yapo pia mazungumzo ya chinichini na jengo lenyewe. Ukuta huo uliwekwa na watu walioamini kwamba wafu hugawanywa, wengine peponi na wengine motoni, na juu yake sasa vinapita vivuli vya watu wasiotambulika nani mwema na nani mwovu.

Si Miyagi wa kwanza kuifunga safari hii. Suzuki Tadashi aliiongoza Wanawake wa Troy ya Euripides mjini Tokyo mwaka 1974, Shiraishi Kayoko akiwa mwanamke mzee aliyepoteza kila kitu katika vita na kujiona Hecuba, malkia wa Troy, katikati ya magofu. Sanamu ya Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, ilisimama jukwaani muda wote bila kumsaidia yeyote. Suzuki ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa kisanaa wa SPAC, kabla ya Miyagi kushika nafasi hiyo mwaka 2007, kwa hiyo urithi huu umepita kutoka mkono hadi mkono. Ninagawa Yukio naye aliiweka Medea, tanzia nyingine ya Euripides, jukwaani Tokyo mwaka 1978, akaipeleka Ugiriki mwaka 1983, ikiwa na wanaume pekee kwa desturi ya Kabuki, maonyesho ya Kijapani ambamo wanaume huigiza pia wanawake, Hira Mikijiro akiwa Medea mwenye maleba mazito, akivuta utepe mwekundu kutoka mdomoni mwake kama damu isiyoisha, na mwishoni akiruka juu ya hadhira katika gari la majoka. Wawili hao walikwenda kwenye tanzia kutafuta nguvu: Suzuki nguvu ya mwili unaokanyaga ardhi, Ninagawa nguvu ya tamasha. Miyagi anatafuta utulivu, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu Sophocles hakuandika mtu mtulivu hata mmoja katika tamthilia hii, labda Ismene akiwa amechoka.

Muziki unastahili neno. Umetungwa na Tanakawa Hiroko, anayefanya kazi na Miyagi mara kwa mara, na unapigwa na wachezaji wenyewe kwa ngoma na ala za kugonga zilizopangwa nyuma. Anayemaliza tendo lake hurudi kwenye ala. Kwa njia hiyo kiitikio kinapata uhai ambao maonyesho mengi ya tanzia hukosa. Wazee wa Thebe katika maandishi ni kundi la wanaume kumi na watano waoga wanaokubaliana na kila anayesema mwisho, na waongozaji wa leo mara nyingi hawajui wawafanye nini. Huwaweka wakisema kwa pamoja hadi hadhira isinzie. Humu kiitikio ni mdundo kwanza, kisha maneno. Utenzi maarufu unaomsifu binadamu kwa kuvuka bahari, kulima ardhi na kujifunza lugha, na unaokiri kwamba kifo pekee ndicho ambacho hajakipatia dawa, unapokewa na ngoma zinazoongezeka kasi, na ule mstari wa kifo unaangukia mahali ambapo mdundo umekwisha kukujaa mwilini.

Haemon, mwana wa Creon, na Teiresias sitawasemea sana. Wamechezwa kwa ustadi, lakini katika jukwaa ambalo kila mtu amekwisha kufa, kijana anayemtishia baba yake na mtabiri anayetoa onyo hawana la kuharakisha, na sehemu ya tatu ya onyesho inalegea kwa sababu hiyo.

Nije kwenye lalamiko langu. Kiini cha usomaji wa Miyagi ni mabishano mafupi katikati ya tamthilia. Creon anasema mwema na mwovu hawastahili kutendewa sawa, na kwamba adui hawi rafiki hata akifa. Antigone anajibu kwamba Hades, mungu wa kuzimu, anataka taratibu zilezile kwa wote, anauliza nani ajuaye kama huko chini hukumu hizi za duniani zina usafi wowote, na anasema kwamba yeye hakuzaliwa kushiriki chuki bali upendo. Miyagi anayachukua maneno hayo na kuyaunganisha na fikra ya Kibudha inayosema kwamba marehemu, awaye yote, huwa Buddha, na kwamba kwa hiyo hakuna msingi wa kuwatenga Eteocles na Polyneices. Hadi hapo sina ubishi. Sijui usomaji mwingine wa mabishano hayo ulio na uaminifu zaidi. Tatizo ni kwamba ameipanua fikra hiyo hadi ikamfunika Creon naye. Mwishoni wahusika wote, muuaji na waliouawa, wanaingia katika duara la ngoma ya Bon, ile inayochezwa katika sikukuu ya kuwapokea na kuwasindikiza wafu, ambayo sehemu nyingi za Japani huadhimishwa katikati ya Agosti. Wanazunguka kwa hatua moja, mtawa anapita akiweka taa ndogo juu ya maji, na taa zinaelea.

Tukio hilo ni zuri, tena zuri kupita kiasi. Sophocles alikuwa mkali zaidi. Aliandika kwamba Creon, baada ya kutishwa na Teiresias, alibadilisha nia, lakini akaenda kwanza kumzika maiti na baadaye ndipo akaelekea pangoni kumwokoa aliye hai, akakuta binti amejinyonga. Mpangilio huo wa safari ni shtaka. Hata katika toba yake mfalme alikosea, na kosa lilimgharimu mtoto wake na mke wake, ambaye alikufa akimlaani. Tanzia inamwacha akiwa hai, akiomba kifo ambacho hakiji. Ukimwingiza mtu huyo katika duara la wafu waliotulia, unampa kile ambacho mtunzi alimnyima kwa makusudi. Antigone naye anapunguzwa. Yule wa maandishini si mpole: anamfukuza Ismene kwa maneno ya kuumiza anapotaka kushiriki adhabu, na ana kiburi ambacho wazee wa Thebe wanakitaja kuwa cha baba yake. Micari juu ya jiwe lake amekuwa safi mno kuwa na kiburi.

Kwa upande mwingine, sitaki kulichukulia jambo hili kana kwamba usawa wa wafu ni wazo laini lisilo na meno nchini Japani. Katika hekalu la Yasukuni mjini Tokyo, ambalo ni la Kishinto, mwaka 1978 majina ya wahalifu wa kivita 14 wa daraja la kwanza yaliingizwa pamoja na ya wanajeshi wengine wanaoheshimiwa hapo, na ugomvi juu ya kitendo hicho haujakwisha ndani ya nchi wala kwa majirani zake. Yasukuni huwaheshimu waliokufa kwa upande mmoja. Antigone anadai heshima kwa aliyekufa akiushambulia mji wake mwenyewe, na taa za Miyagi zinaelea kwa ndugu wote wawili. Ukiutazama mwisho huo kwa macho ya mtu anayeishi na mjadala wa Yasukuni, unaona kwamba kuna ujasiri ndani yake. Ila ujasiri huo ungeonekana vizuri zaidi kama aliyetoa amri ya kutomzika adui asingekuwamo katika duara lilelile kwa urahisi kiasi kile. Angeweza kubaki ukingoni, miguu yake ikiwa majini, akitazama.

Kuhusu kutazama kwa rekodi badala ya kuwapo, mtu ajue anachokosa. Onyesho lililogawa sauti na mwili linahitaji jicho linalohama lenyewe, na kamera haina namna ila kuchagua: ikimkaribia Micari, anayesema hupotea, ikirudi nyuma ili ukuta na vivuli viingie, uso wa Micari unakuwa mdogo mno. Ushauri wangu ni kulitazama kwenye kioo kikubwa, ndani ya giza, na kulisikiliza kwa vipokea sauti, kwani mlio wa bilauri na maji yanayoguswa na nyayo hupotea kabisa katika spika ndogo za simu. Tafsiri inayoandikwa chini ya picha isikutie wasiwasi; ukisoma tamthilia ya Sophocles siku moja kabla, utaweza kuiacha kwa dakika nyingi bila kupotea. Urefu wake ni chini ya saa mbili, na hakuna mapumziko.

Mtu anayependa tanzia kwa ajili ya mabishano yake, yaani anayetaka kumwona Creon akibanwa na hoja hadi ashindwe, huenda akachoshwa na onyesho hili, na simlaumu. Mwalimu wa fasihi atalipata humo somo zima la tofauti kati ya maandishi na jukwaa. Anayeanza kuijua Noh au Bunraku asilichukue kama mfano wa sanaa hizo, kwa sababu hakuna humu kinyago cha Noh wala kikaragosi cha Bunraku. Kuna kanuni zao tu, zikiwa zimehamishiwa kazi nyingine.

Na atakayeudhika na utulivu wa mwisho, kama nilivyoudhika mimi, aitafute pia Medea ya mwongozaji huyuhuyu, aliyoiweka jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1999 akiwa bado na Ku Na'uka. Humo wanaume wenye elimu wa enzi ya Meiji (1868–1912) wameketi kwa starehe na kuyatamka maneno yote, ya wanawake yakiwemo, huku wahudumu wa kike wakilazimishwa kuitoa miili yao kwa wahusika. Mgawanyo uleule wa sauti na mwili, ambao katika Antigone unatuliza, huko ni dhuluma inayoonekana tangu dakika ya kwanza, na mwishoni miili inawageukia wenye sauti na kuwaua. Creon wa Avignon angekutana na wanawake hao, asingefika kwenye ngoma ya Bon.